Babu wa Masika

Mtoto wa tatu kutoka kushoto nilimjua.

Walikuwa wamepangwa mbele ya ukuta uliochorwa twiga na maputo, wadogo mbele, wakubwa nyuma, wote ndani ya fulana za njano ambazo bado zilikuwa na mikunjo ya dukani. Mlezi akahesabu moja, mbili, tatu, wakaanza kuimba wimbo wa kumkaribisha mgeni. Mgeni mwenyewe ndiye mimi: mtu wa Moshi hii hii, nimeshuka kwenye daladala, nimefuta vumbi kwenye viatu pale getini, nimekuja kukiangalia kituo cha kulelea watoto kwa niaba ya watu walioko mbali wenye fedha ya kutoa.

Yule wa tatu ana kovu dogo juu ya jicho. Kovu lile najua lilikotoka: aliteleza kwenye ngazi za kwao, mimi nikiwa nimekaa barazani na baba yake tunakunywa chai. Baba yake ni mgumu, maana ndivyo tunavyowaita wapagazi wa mlimani, na siku si nyingi kabla ya hapo tulikuwa wote geti la Machame, yeye akisubiri mzigo wake upande kwenye mizani, mimi nikiandikisha wageni.

Macho yetu yakakutana. Akaendelea kuimba. Na mimi nikaendelea kupiga makofi.

Wimbo ulipokwisha, mwenyeji wangu akanishika bega, akaniambia kwa upole: "Hawa wote hawana mtu."

## Wafiwa ndio wanaotuma

Mimi ni gaidi wa mlima (wa kuongoza wageni, si yule mwingine). Miaka ya nyuma nilimpandisha mzee mmoja wa Kanada kwa njia ya Machame. Alikuwa anaikaribia sabini. Mtu wa safari ngumu: alishavuka majangwa kwa baiskeli, alishapiga kasia kwenye mito ya barafu, na alikuwa na hadithi za milima ambayo majina yake nilikuwa nayasikia kwake kwa mara ya kwanza. Hakuwa na haraka hata kidogo. Wagumu wakamwita Babu, naye akaitika.

Mwishoni mwa mwaka jana binti yake akaniandikia kwamba Babu amefariki. Amefia kitandani kwake, kwa maradhi, jambo ambalo kwa mtu aliyepishana na kifo porini mara nyingi vile, nadhani hakulitegemea. Familia iliwaomba watu wasilete maua kwenye mazishi. Mwenye chochote achange, na kitakachopatikana kiende kwa "watoto wa Kilimanjaro" kwa kumbukumbu yake. Kilichopatikana kilitosha kufanya jambo, hakikutosha kujenga kitu. Maombi yao yalikuwa matatu: niwatafutie watoto, niwatumie picha, na jina la baba yao liandikwe mahali.

Niliitikia. Kisha nikaanza kukosa raha.

Kwetu msiba una mwelekeo wake. Ukifiwa, watu ndio wanaokuja kwako. Wanakuja na sukari, na mkungu wa ndizi, na bahasha. Anawekwa mtu na daftari, anaandika fulani kaleta nini, na rambirambi zinasomwa mbele za watu. Mfiwa anapokea, hapeleki. Na anayetoa hana sharti. Sijawahi kumwona mtu aliyetoa rambirambi halafu akadai apigiwe picha mjane akiila.

Hapa mambo yalikuwa yamepinduka. Waliofiwa ndio waliokuwa wanatuma, na mimi nilikuwa nimekalishwa kwenye kiti cha mfiwa bila kufiwa. Hilo lilinikaa kooni kwa majuma, hata kabla sijaingia kwenye kituo cha ukuta wa twiga. Baada ya kutoka pale, likawa halimezeki kabisa.

## "Kule anakula mara tatu"

Nilimtafuta baba wa yule mtoto. Nilimkuta sokoni Kiboriloni, ameinama kwenye turubai la viatu vya mtumba, anapima soli kwa kidole gumba. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumgombeza.

Hakukana chochote. "Kaka, kule anakula mara tatu," alisema. "Na ana godoro lake."

Mke wake alikwenda Dar kufanya kazi za ndani. Yeye akipata safari anakuwa mlimani juma zima. Bibi wa mtoto miguu haimbebi tena. Yote hayo, alisema, msimu wa wageni yanavumilika, maana kuna hela ya kumwachia jirani. Kinachomshinda ni masika.

Aliye nje ya kazi hii huenda asione uzito wa neno hilo. Kuanzia katikati ya Machi mpaka Mei inaisha, mlima unajifunga wenyewe: mvua chini, theluji juu, wageni wa kuhesabu. Gaidi mwenye jina anaweza kuwa ameweka akiba. Mgumu analipwa kwa siku, na siku zenyewe hakuna. Ni miezi hiyo hiyo mahindi ya mwaka jana yanafika chini ya gunia, na ya mwaka huu ndiyo kwanza yanapandwa kwenye shamba la tambarare. Mpaka yavunwe ni Julai, Agosti. Njaa ya huku mgeni haioni kwa sababu migomba ni ya kijani mwaka mzima.

Basi, masika iliyopita mtu akamwambia kuna kituo kinapokea watoto. Akampeleka kwa muda tu. Muda ukarefuka. Hakuna aliyemuuliza kama yeye yu hai, au aliulizwa na jibu halikuandikwa.

Nilimkumbusha kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na kwamba mtoto haendi kituoni kwa mlango wa uani, anapitia ustawi wa jamii. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Nikimrudisha leo, Aprili utamlisha wewe?"

Nilichoweza kumwambia ni kwamba aende kwa afisa ustawi wa jamii yeye mwenyewe, kabla sijaenda mimi. Ameshakwenda, hakumkuta. Tunaendelea kusukumana kuhusu jambo hilo, na ninapoandika haya mtoto bado yuko kule.

Nisieleweke vibaya. Viko vituo vinavyolea watoto ambao kweli hawana mtu, na wanaofanya kazi hiyo nawavulia kofia. Lakini si Moshi peke yake. Duniani kote imeonekana kwamba watoto wengi walioko kwenye vituo wana mzazi au ndugu aliye hai, na kilichowafikisha pale ni umaskini wa nyumbani. Kituo kinachoishi kwa wageni kinahitaji mstari wa watoto wa kuimba. Fedha ya Babu ingeingia pale, ingelipia fulana nyingine za njano, na kwa jina la marehemu ingemshikilia mtoto mbali na baba yake.

Nikamwandikia binti kwamba kituo kile hapana. Akaniuliza: sasa watoto gani?

## Majina ya mlimani

Usiku wa samiti, ukipanda kutoka kambi ya Barafu, ukingo wa kwanza unaoufikia unaitwa Stella Point. Wageni wengi hulia pale. Stella huyo ni Stella Latham, aliyefika na mumewe Kingsley mwaka 1925. Wanaopandia Marangu hutokea Gilman's Point, jina la Clement Gillman, mhandisi wa reli. Kasoko ya juu ni ya Reusch, mchungaji wa Kilutheri. Kilele chenyewe Wajerumani walikipa jina la Kaiser Wilhelm wao, mpaka 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha mwenge na bendera, tukapata Uhuru Peak.

Waliombebea Stella mahema hawana ukingo wenye jina lao.

Kwa hiyo hamu ya jina naielewa, na siicheki. Mlima wetu umejaa hamu hiyo kuanzia mita 5,895 kushuka chini. Kijana wa Babu, ndiye kaka mtu, alitaka kibao cha shaba kwenye ukuta wa shule, chenye jina la baba yake na picha ya kilele. Ni mtoto anayemlilia baba yake. Angetaka nini kingine?

Lakini kibao cha shuleni kinasomwa na nani? Baba mtu yuko Kanada, kaburi liko Kanada, wanaomkumbuka wako Kanada. Anayebaki na kibao kila asubuhi ni mtoto wa darasa la pili. Nimewahi kuona shuleni watoto wenye wafadhili. Sare zao ni mpya, viatu vyao vinang'aa, na wenzao wanawaita "watoto wa mzungu". Mtoto hakuomba jina hilo. Atalibeba mpaka amalize la saba, na mwisho wa mwaka atakalishwa chini aandike barua ya shukrani kwa mtu ambaye hatamwona, kuhusu marehemu ambaye hakumjua.

Mgumu akifika getini, mzigo wake unawekwa kwenye mizani. Ukizidi kilo 20 unapunguzwa. Watoto wetu hakuna anayewapimia.

## Waliotangulia

Nilisoma sana siku zile, nikitafuta mtu aliyeshapita njia hii.

Edmund Hillary kila gaidi anamjua: yeye na Tenzing Norgay walifika kilele cha Everest tarehe 29 Mei 1953. Sisi wa kazi hii tungepaswa kumjua zaidi kwa yale aliyoyafanya baadaye. Mwaka 1960 alianzisha mfuko wake wa kuwasaidia watu wa Himalaya, na mwaka uliofuata shule ya Khumjung ikafunguliwa kwa watoto wa Washerpa, watu wale wale waliokuwa wakimbebea mizigo. Hakuibuni yeye. Aliwauliza wanataka nini, wakamwambia shule. Mwaka 1975 mke wake Louise na binti yao Belinda walikufa kwenye ajali ya ndege huko Kathmandu, wakiwa njiani kumfuata alikokuwa akijenga hospitali. Alirudi kazini. Aliendelea kurudi kule mpaka uzeeni, na alifariki mwaka 2008.

Kinachonivutia kwa Hillary si wema. Wema wengi wanao. Ni kwamba alikuwa anarudi, kwa hiyo watu walikuwa na nafasi ya kumwambia hapa umekosea, hapa rekebisha. Babu hatarudi. Ukikosea kwa jina lake, hatakurekebisha.

Wa pili alinitia hofu. Greg Mortenson, Mmarekani, alikwenda kupanda K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, mwaka 1993 kwa kumbukumbu ya dada yake marehemu, Christa. Hakufika kileleni. Akaahidi kuwajengea shule watu wa kijiji cha Korphe, Pakistan, na shule ikajengwa, zikafuata nyingine nyingi, akawa mtu maarufu duniani. Mwaka 2011 waandishi wa habari wakaanza kuuliza maswali kuhusu ukweli wa simulizi zake na matumizi ya fedha. Mwaka 2012, baada ya uchunguzi wa mwanasheria mkuu wa jimbo la Montana, alikubali kurudisha zaidi ya dola milioni moja kwa shirika lake mwenyewe.

Alianzia pale pale alipoanzia binti wa Babu: mpendwa aliyekufa, mlima, watoto. Sidhani alianza na nia mbaya. Nadhani hadithi ilinoga kuliko shule.

Na mimi nilikuwa naombwa hadithi. Picha, tabasamu, kibao. Ningeweza kuwapa vyote hivyo kwa siku moja, kwa nauli ya bodaboda.

## Picha ya Mweka

Binti alinitumia picha aliyoikuta kwenye droo ya baba yake. Geti la Mweka, siku ya kushuka. Babu amekaa katikati na cheti chake, sisi tumemzunguka, na kila mmoja wetu ana tope mpaka magotini. Lile tope ndilo lililonifanya nigeuze picha na kutafuta tarehe.

Mei.

Nikaanza kuwatafuta waliomo. Mmoja anaendesha bodaboda Majengo. Mwingine amehamia Mererani kujaribu bahati ya tanzanite. Mmoja ni marehemu. Mpishi wetu ana kibanda cha chipsi Pasua, kitambi kimeanza kumtoka, na ndiye aliyeshika picha kwa muda mrefu kuliko wote.

Kila niliyemwonyesha alisema maneno yale yale kabla sijamaliza kuuliza: "Si yule babu wa masika!"

Nilitegemea wakumbuke tipu, au jaketi alizowagawia tulipofika chini. Hakuna aliyezitaja. Walikumbuka mwezi. Mlima mzima ulikuwa mtupu, kambi ya Shira tulikuwa peke yetu, mvua ikipiga mahema usiku kucha, na timu nzima ilikuwa kazini wakati wenzao wamekaa vijiweni. "Mwaka ule Mei sikukopa," mpishi aliniambia huku anageuza viazi. "Nililipa mchango wa shule, nikanunua na debe la mahindi."

Nikamwandikia binti habari hizo kwa moyo wote. Nikamwambia baba yake anakumbukwa kwa sababu alikuja wakati ambao hakuna anayekuja.

Jibu lake lilianza na kicheko. Baba alikuja Mei kwa sababu Mei ilikuwa bei rahisi! Alikuwa bahili wa kutupwa, mzee wa kushona soksi zake mwenyewe, na lile punguzo alijisifia mpaka mwisho wa maisha yake.

Nilicheka peke yangu kwenye daladala mpaka kondakta akanigeukia. Wagumu walikuwa wamemfanya nusu malaika, kumbe mzee alikuwa anabana matumizi. Nilipowapelekea habari, mpishi alitikisa kichwa tu: "Awe alibana, asibane, mimi mahindi nilinunua."

## Saa saba mchana, mwezi wa nne

Mke wa mpishi ndiye aliyeimaliza kazi yangu, bila kuacha kumenya viazi. "Shemeji, unahangaika na watoto gani, watoto gani. Nenda shuleni saa saba mchana, mwezi wa nne, utawaona wamekaa wenyewe."

Nikapanda mpaka shule ya msingi wanakosoma watoto wake, huko juu kwenye migomba. Ada ilishafutwa, lakini sufuria la shule linajazwa na wazazi: mahindi, maharage, na hela kidogo ya kuni, chumvi na mpishi. Mwalimu mkuu alinifungulia daftari la michango la mwaka uliopita. Ni daftari la kawaida la mistari, limefungwa na gundi ya karatasi mgongoni. Kushoto majina ya watoto, juu miezi, na ndani alama za vema kwa kalamu ya bluu.

Januari na Februari ukurasa ulikuwa wa bluu. Machi alama zikaanza kuachana. Aprili na Mei zilikuwa nyeupe kurasa nzima, mstari mmoja mmoja tu una alama, na ukiuliza huyo ni mtoto wa nani unaambiwa wa mwalimu, wa muuza duka, wa mtumishi wa zahanati. Julai bluu inarudi. Sikuhitaji maelezo. Ningeweza kuchukua daftari lile nikakuonyesha miezi ambayo mlima ulikuwa na wageni.

"Mahindi yakiwepo wanakula wote," mwalimu mkuu alisema. "Yakipungua, kamati inasema wasiochangia wasubiri kwanza."

Wanasubiri wapi?

Alinyoosha kidole dirishani, kwenye mparachichi nyuma ya jiko. Chini yake ardhi imekanyagwa mpaka inang'aa. Ilikuwa muda wa chakula. Mama mpishi alikuwa anachota makande kwa bakuli la plastiki lenye kipini kilichofungwa waya, moshi unampiga usoni, anageuza uso pembeni bila kuacha kuchota, na watoto wanapita na vikopo vyao wakihesabiana nafasi. Ilikuwa Februari. Chini ya mparachichi palikuwa na kuku tu.

Nadhani ni pale nilipoacha kutafuta watoto nikaanza kutafuta miezi. Machi, Aprili, Mei. Sufuria lijazwe miezi hiyo, ale kila anayekuja na kikopo: wa mgumu, wa gaidi, wa muuza duka. Hakuna orodha, hakuna fulana, hakuna wa kuitwa jina. Mwaka huu tununue kwa bei ya sasa, ambayo si nzuri. Kitakachobaki kikae mpaka Agosti, mahindi yakishuka bei, yanunuliwe ya masika ijayo na kuhifadhiwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, dumuzi wasitutangulie. Fedha iingie akaunti ya shule, kamati isaini, na risiti zibandikwe ukutani kila mzazi azione.

Mpishi wa Pasua hakufurahi. "Sisi ndio tuliombeba," alisema. "Watoto wetu wale kwanza." Ana haki ya kusema hivyo, na sikumjibu haraka. Lakini nilikuwa getini Machame asubuhi ile ya Mei. Nje ya geti walisimama wanaume wengi chini ya mvua, na sisi tulihitaji wachache. Nilichagua niliowajua. Walioachwa walirudi nyumbani na watoto wao walikwenda chini ya mparachichi. Sasa nikachague tena kwa picha ile ile?

Tumeachia hapo. Bado ananiuzia chipsi, ila mayai ameacha kuniongezea.

## Kibao

Binti amekubali yote, na picha atatumiwa za magunia. Gunia halihitaji ridhaa ya mzazi.

Kaka mtu bado. Swali lake si la kijinga: mtu akija pale baada ya miaka kumi, atajuaje kwamba baba yangu alikuwepo? Nimemjibu kwamba jina litaandikwa kwenye kitabu cha wageni cha shule, na kwenye daftari la stoo mwalimu mkuu ameshaanza kuandika "mahindi ya Babu" ili yasichanganyike na ya wazazi. Nimemwambia pia kwamba kumkumbuka baba yake ni kazi yake yeye, na kidogo ni yangu, lakini ya mtoto wa darasa la pili hapana. Hilo la mwisho amelisoma, hajajibu. Nadhani nitampa muda. Msiba bado mbichi.

Sisi tuliokuwa kwenye picha tutakaa jioni moja, tunywe mbege, pombe yetu ya ndizi, tumtaje. Binti ametuma hela ya mbege kutoka mfukoni mwake, mbali na ile ya mchango, akiniagiza nisimwambie mtu bei, maana baba yake angelalamika.

## Na mwaka kesho?

Kamati ya shule ilikaa Jumamosi iliyopita chini ya ule mparachichi. Mahindi yalipita bila mzozo. Mzozo ulikuwa wa kuni, saa nzima, kwa sababu kuni za masika ni mbichi na mama mpishi amesema hatapuliza moto mpaka macho yapofuke kwa ajili ya marehemu wa mtu yeyote. Wengine wakataka jiko banifu. Wengine wakasema jiko litakula hela ya maharage.

Kisha mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote akasimama, akafunga kanga vizuri, akauliza: "Hela za mzee zikiisha, mwaka kesho?"

Mgumu mmoja akatoa wazo kwamba Agosti, tipu zikiwa nzuri, kila anayefanya kazi mlimani aweke kitu kidogo stoo. Wengine wakaitikia. Wengine wakaangalia simu zao. Mtu wa nyuma akasema magaidi ndio waanze, kwa kuwa wao ndio wanaoshika bahasha kwanza, na hapo watu walipiga makofi kuliko walivyopigia mahindi. Mimi nimekubali kuanza. Kiasi hatujaafikiana.

Kikao kingine ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi. Agenda ya kwanza kuni, ya pili Agosti. Na kama wewe ni gaidi, una mtoto pale, na hujawahi kukanyaga kwenye kikao, ujue jina lako limeshatajwa.